Nani Kasema Ehe?

4 Machi

Kwako mke mwenzangu, Kijino,

Mimi mzima. Goti la kushoto halina adabu, lakini mimi mzima. Waandika barua husema "hofu ni juu yako wewe uliye mbali", na leo naona ni kweli tupu, maana hofu nimeitafuta kwenye hizi sinema za kutisha unazoniletea nizihukumu gazetini kwenu sikuiona. Labda ilibaki huko kwako.

Anayeandika ni Fundi. Yule fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekushonea sare ya shule ukarudi kulalamika mkono mmoja mrefu. Anasema haukuwa mrefu, wewe ndiye ulikuwa unasimama upande. Sawa Fundi, liandike na hilo. Nimemwambia aandike kila ninachosema, maana mwezi uliopita niliongea mpaka koo likakauka, kumbe yeye kafupisha, wewe ukakata, mhariri wako naye akakata, nikaja kusomewa gazetini eti nimesema "filamu hii ina udhaifu". Mimi? Tangu nizaliwe sijawahi kulitia neno udhaifu mdomoni. Nilisema ni upuuzi.

Ungeniambia kwa simu, utasema. Simu siitaki. Kwenye simu unasema "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku unatafuna. Flashi za sinema na barua zije na basi kama kawaida, makondakta wa pale stendi wananijua.

Haya. Ile ya nchi ya barafu. Mume na mke na mtoto wao wananunua nyumba porini. Nyumba kubwa, ngazi mpaka juu, bei ya kutupa, jirani hakuna. Hawaulizi! Hata kuku akiuzwa bei ya chini utamshika tumbo uone kama haumwi. Wanaingia, wanapanga sahani, mara kitu kinakwaruza chini ya sakafu. Yule mama anashuka stoo, miguu mitupu, taa hana, anaita, "Kuna mtu?" Sasa alitaka nini, aitikiwe ndiyo? Pale Fundi alijifunika uso na kitambaa cha gauni la mteja, la kijani, akakilowesha mate. Usiandike hilo. Umeandika?

Ya pili, ya yule kijana asiye na kampuni, aliyeitengeneza na rafiki zake. Mpiga picha za harusi anasafisha picha, kila picha anamwona mgeni ambaye hakualikwa. Basi ndiyo anatetemeka, anaacha kazi, anahama mji. Mgeni asiyealikwa harusini ndiyo jini? Harusi zote nilizokwenda mimi zilikuwa na majini kumi, na yalikula kuliko bwana harusi. Lakini yule kijana ana jicho. Ile picha ya viatu chini ya meza, viatu vingi kuliko watu waliokaa, niliipenda. Mwandikie kwamba niliipenda, na usiikate.

Ya tatu nilisinzia. Andika hivyo, "alisinzia".

Ila kinachonikera mpaka meno, nakwambia, ni hodi. Hakuna hata mmoja anayepiga hodi. Watu hawapigi hodi, mizimu haipigi hodi, wote wanaingiliana tu kama choo cha stendi. Mimi mtu akiniingilia bila hodi, akiwa hai, ni mwiko wa ugali... hapana Fundi, futa ugali, andika mwiko tu. Akiwa mfu sijui, bado halijanitokea. Babu yako, mlango alioutia bawaba kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa anapiga hodi nyumbani kwake. Nikisema karibu ndipo anaingia. Huo ndio utu.

Na mhariri anataka nyota. Nyota ngapi kati ya tano! Mwambie nyota si pipi. Nyota ya mtu amezaliwa nayo. Nikimpa kijana wa watu mbili, zile tatu nimezipeleka wapi? Kesho mambo yake yakiharibika watasema kuna bibi wa gazetini kamfifisha. Siwezi.

Ni mimi Bibi yako. Hilo ni dole gumba langu, nimelichovya kwenye chaki ya Fundi.

*

13 Machi

Bibi, shikamoo,

Umetisha! Tumesoma barua yako ofisini, yule mhasibu wetu asiyechekaga kaanguka kitini. Mhariri anasema wasomaji siku hizi wanafungua ukurasa wako kabla hata ya ule wa michezo. Kuhusu viatu sikukata. Kijana mwenyewe kaniandikia, anakushukuru, anasema hakuna mkosoaji mwingine aliyeviona.

Nyota bado anazitaka. Nimemweleza, akauliza tena: ngapi?

Kwenye flashi hii nimeweka mbili. Moja ya ng'ambo, ndefu, maneno yake yameandikwa chini kwa lugha yetu, Fundi atakusomea. Nyingine fupi sana. Mtengenezaji ni mdogo, hana kampuni wala hajaweka jina. Hiyo fupi naomba uitazame kwa makini, Bibi. Ukiona mbaya, sema mbaya.

Zile hadithi ulizonisimulia likizo, nilipokuja na kamera, bado nazisikiliza.

Mjukuu wako,
Kijino

*

22 Machi

Kwako Kijino,

Marahaba. Sasa niambie, nimekutisha nini?

Barua nzima nimekaa nayo siku nzima nikiwaza. Nimemwambia huyu mtoto nini cha kumtisha? Hata Fundi hakujua. Ikabidi tumuulize kijana wa kujaza upepo hapo nje, akacheka mpaka akaachia mpira, ndiyo akatueleza: siku hizi "umetisha" maana yake umefanya vizuri sana. Basi lugha imevalishwa suruali kichwani. Kama kutisha ndiyo kupendeza, kupendeza kutakuwa nini, kuumwa na tumbo? Na sinema ya kutisha ikitisha, imetisha au imetisha? Fundi, nimeuliza swali, weka alama yake.

Haya, ile ndefu. Kwanza ujue namna tulivyoitazama. Wale watu wanaongea mbio, maneno yanapita chini, Fundi anasoma kama anavyotunga sindano, ulimi nje. Akifika "usifungue kabati", kabati limeshafunguliwa, mtu ameshaliwa, wanamwosha. Kila mara tunarudisha nyuma. Yule maskini kaliwa mbele yangu mara nne.

Kisa chenyewe: mama mkwe kafa, kazikwa, anarudi. Anaingia jikoni kwa mwanawe, anafunua masufuria. Mkwe anapiga kelele, anaita wataalamu wa kufukuza mizimu, moshi, kengele, vurugu. Sasa mimi nitakwambia ukweli, na mhariri asiuguse. Mimi nilikuwa upande wa mama mkwe. Ulikiona kile kikaango? Masizi yameganda kwa NDANI! Nani angelala kaburini? Yule wa kabatini alimla kwa hasira tu; hakutaka damu yule mama, alitaka steelwool asugue. Angepewa, angekwenda zake. Lakini hakuna aliyemuuliza, "Mama, umerudi unataka nini?" Hilo ndilo linaloniudhi kwenye sinema zenu zote, za karibu na za mbali. Mfu akija nyumbani kwake anapigiwa kelele kama mwizi. Kwani kufa ni kosa?

Ila aliyecheza mama mkwe anajua kazi. Anavyopitisha kidole kwenye rafu halafu anakiangalia! Marehemu mama mkwe wangu mtupu. Nilikaa wima.

Nilipofika nyumbani nikaisimulia yote tena toka mwanzo. Usiniulize kwa nani.

Ile fupi bado. Fundi ana magauni ya watu, na tivii ni yake.

Bibi yako, na dole lake

*

29 Machi

Bibi, shikamoo,

Ya mama mkwe imetoka gazetini neno kwa neno, hata kikaango. Mhariri kaweka nyota nne yeye mwenyewe. Nisamehe, sikumzuia.

Ile fupi, tafadhali. Kuna ukumbi hapa mjini umekubali kuionyesha tarehe ishirini na tano Aprili. Kwa mtengenezaji ni mara ya kwanza filamu yake kukubaliwa popote, na alishagonga milango mingi. Lakini amesema haitaonyeshwa kwa mtu yeyote mpaka wewe uwe umeiona na umesema ndiyo. Amesema wewe, Bibi, si mwingine.

Kijino

*

5 Aprili

Salamu hakuna. Fundi anasema barua haianzi hivyo. Hii inaanza hivyo.

Nimeiona.

Mlango niliujua kabla haujafunguka. Una kovu chini, pale babu yako alipoupiga teke siku funguo ziliposahaulika ndani. Nikasema, Fundi, mbona huu mlango wangu? Akasema milango inafanana. Kisha ukalia, ile "ngwii" yake. Milango haifanani kwa kulia.

Msichana amekaa kwenye korido. Nyuma ya mlango anasikia kizee kinaongea. Kinacheka, kinanong'ona, kinamgombeza mtu, "chai yako hiyo inapoa, na mimi sipashi mara ya pili". Hakuna aliyeniigiza. Ni mimi. Kikohozi changu, kijiko changu. Msichana anasogea, sura imemtoka rangi, anasukuma mlango, bila hodi! Anaona mgongo wa kizee, meza, vikombe viwili, na kiti hakina mtu. Halafu sauti ya mwanamume inasema: "Ehe."

Fundi akaruka, mkasi ukaenda kwake na yeye akaenda kwake. Mimi nikasema zima.

Mhariri wako alikuwa anauliza kila mwezi kama nimeogopa. Basi mwambie nimeogopa. Na usiiandike.

Nani kasema ehe? Nakuuliza wewe, mke mwenzangu. Umemchukua mume wetu ukamtia kwenye tivii bila kuniuliza, tena umemwazimia sauti ya mtu! Ile si yake. Yake ilikuwa ndefu, inapanda mwishoni, kama mtu anayesema "endelea, ikawaje?" Hiyo yako fupi, ya karani anayetaka ufunge mlango uende.

Unajua babu yako alikuwa kinyozi. Kutwa watu wanamwongelesha kitini, yeye ehe. Akirudi nyumbani namwongelesha mimi, yeye ehe. Miaka yote ile sikujua kama ananisikiliza au amechoka. Alipokufa, watu wakaja wakaniambia nyumba itakuwa kimya. Kimya cha wapi? Maneno yalikuwa yangu tangu zamani. Kilichopungua ni ehe tu. Sasa niache kuongea kwa sababu ya kineno kimoja?

Hilo ndilo ulilolisikia ukiwa umekaa kwenye korido yangu, umekula chakula changu, umejifunika shuka langu. Mwanamke anaongea na mumewe. Ukaona nini, mwanangu? Ukaona sinema ya kutisha.

Sisemi ndiyo. Dole gumba leo sitii. Fundi ataandika tu kwamba nimekasirika.

Amekasirika. — Fundi

*

9 Aprili

Bibi, shikamoo, hata kama hutaitikia,

Ni mimi niliyeitengeneza. Nilificha jina kwa woga, nikasema nikupe kama ya mgeni ili useme ukweli. Ukweli umeusema.

Siku ile kinasa sauti kilikuwa wazi mfukoni mwangu tangu ulipomaliza hadithi ya fisi, nilisahau kukizima. Nikakaa kwenye korido nivae viatu. Nikakusikia. Bibi, sikukuogopa wewe. Wala sikuona kichaa. Uliongea, ukanyamaza kidogo, pale pale anapotakiwa aitikie, na mimi nikajikuta nimeshika kiatu mkononi namsubiri. Nilitaka aseme. Hakusema. Hicho ndicho kilichonitisha, na nikakibeba mpaka huku.

Ile ehe niliiweka kwa kuwa niliitamani. Ni ya dereva wa ofisini. Nilimrudisha mara nyingi, haikuja sawa, nikasema hakuna atakayejua. Nilisahau kwamba kuna mtu mmoja atakayejua.

Mlango na mgongo wako nilivipiga kesho yake, ukidhani najaribu kamera tu, na msichana ni rafiki yangu wa huku. Na sikukuomba. Ningepiga hodi ukasema hapana, nisingekuwa na filamu. Nilijua hivyo.

Ukumbi nitawaambia wasiionyeshe. Jumamosi hii nafuta yote, sauti yako na ehe yake. Flashi iliyoko huko, mwambie Fundi aifute pia.

Mjukuu wako, kama bado,
Kijino

*

11 Aprili

Kijino,

Hii ni mimi Fundi, kwa mkono wangu na kwa kichwa changu. Bibi hajui. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, nikamwambia akufikishie mwenyewe kabla ya Jumamosi.

Barua yako nilimsomea. Flashi nikaitoa nifute kama ulivyosema, akanishika mkono.

Tangu siku ile aliposema zima, anakuja dukani kila jioni. Mara kifungo kimelegea, mara upindo umeachia, na upindo haujaachia. Anakaa kwenye stuli, anazunguka zunguka, halafu anauliza, "Ule upuuzi bado upo?" Nasema upo. "Hebu weka pale mwisho." Naweka. Anafumba macho. Ikisema ehe, anasema, "Siyo yenyewe." Kisha anasema, "Rudisha." Mimi nasimama nje wakati huo, maana mwenzio siiwezi.

Jana kasema, "Fupi. Lakini ukiisikiliza ukiwa umechoka, inafanana."

Usifute.

Fundi

*

16 Aprili

Kwako mke mwenzangu, Kijino,

Mimi mzima. Hofu ni juu yako, na leo naisema kwa kumaanisha.

Nimefikiri mwenyewe, hakuna aliyenishauri, na Fundi hana habari yoyote. Mbona unainama, Fundi? Andika.

Sinema yako nimeitazama tena. Mara moja tu, nilikuwa nimepeleka kifungo. Sasa nakuhukumu kama nilivyowahukumu wale wa barafu, usitegemee undugu. Kikohozi changu umekiacha kirefu mno, watu watadhani nina kifua. Kiti cha babu yako si kile, kile ni cha wageni, yeye alikaa kwenye stuli ya dirishani aone nani anapita na nywele ndefu. Vikombe ni sawa. Pale kwenye kijiko kinapozunguka halafu kinasimama, pale umefanya kazi. Pale nilikuona una jicho, nikamwambia Fundi, huyu kamrithi mtu.

Kosa lako ni moja, na ndilo lile lile la dunia nzima. Msichana hapigi hodi. Unajua kwa nini katishika? Kaingia kama mwizi, na mwizi hutishwa hata na kikombe. Angepiga hodi ningemkaribisha. Angevutiwa kiti, angemiminiwa chai, angesikia tunaongelea nini, na tulikuwa tunamwongelea yeye. Siku ile nilikuwa namwambia mume wangu, huyu mtoto kafika, kakonda, kashika kamera, haiachi hata msalani, sijui tumsaidieje. Hayo niliyanong'ona, hukuyasikia kwa kuwa ulikuwa umejibanza.

Waambie watu wa ukumbi nimesema ndiyo. Jina lako liandike, kubwa, usijifiche nyuma ya mlango. Ehe usiifute. Mbovu, lakini usiifute mpaka upate nyingine.

Na nyota mwambie mhariri simpi mtu. Yako unayo, ulizaliwa nayo, mimi nilikuwepo nikaiona.

Sasa sikiliza. Kabla ya hiyo ishirini na tano uje, na kamera yako. Fundi anasema siku utakayokuja atafunga duka aende kwa dada yake, shauri lake. Mimi nitaweka vikombe, vitatu. Nitaongea kama ninavyoongea. Wewe simama nje ya mlango, vua viatu, piga hodi kama mtoto aliyelelewa. Nitasema karibu. Na kama nyuma yangu utasikia mtu anaitikia, ndefu, inapanda mwishoni, usikimbie kama wale wapumbavu wa kwenye sinema.

Mwamkie. Halafu hiyo ndiyo urekodi.

Ni mimi Bibi yako, na dole gumba langu, chaki mpya